Uzi maalumu: Kuovakloki prosesa ya kompyuta ya mezani bila kuiunguza na bila kujidanganya kwamba imetulia

#1 Mwanzisha uzi

Salaam wakuu. Kila linapoulizwa swali la kuovakloki, yaani kuisukuma prosesa iende kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani, majibu huwa ya namna moja: mtu anataja kizidishi na volteji alizoweka kwenye mashine yake, kisha anamalizia kwa kusema kwamba kompyuta imewaka na inacheza gemu bila shida. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona majibu ya aina hiyo yanapotosha. Kompyuta kuwaka ni ushahidi hafifu mno. Prosesa iliyosukumwa kupita uwezo wake inaweza kuwaka, ikafungua kivinjari, ikacheza gemu juma zima, na wakati huohuo ikawa inakosea hesabu moja katika mabilioni, na kosa hilo likaandikwa kwenye diski kama data halali. Msimamo wangu, ambao nitaurudia hadi mchoke, ni kwamba uthabiti hauthibitishwi bali hukanushwa tu, na kazi ya anayeovakloki ni kuitafuta kwa bidii kasoro ambayo hapendi kuiona.

Tuanze na msingi. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili, yaani saa ya msingi, ambayo katika mashine nyingi za leo ni 100 MHz, na kizidishi. Kizidishi kikiwa 50, prosesa inakwenda kwa 5 GHz. Zamani watu walipandisha saa ya msingi yenyewe, lakini leo saa hiyo imefungamana na sehemu nyingine za mfumo, na kwenye bodi nyingi ukiisogeza zaidi ya asilimia chache, vifaa vinavyotegemea PCIe (njia inayounganisha vifaa na prosesa), ikiwemo diski yako, vinaweza kuanza kuyumba. Iacheni. Fanyeni kazi na kizidishi.

Si kila prosesa inaruhusu hilo. Kwa upande wa Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa jina (au KF, au KS) pamoja na ubao mama wenye chipuseti (chipu inayoratibu vifaa vya ubao huo) ya familia ya Z. Chipuseti za B za miaka ya karibuni huruhusu kupandisha kasi ya RAM lakini si kizidishi cha kori, yaani vitengo vya hesabu vilivyo ndani ya prosesa. Kwa upande wa AMD, karibu Ryzen zote za mezani zimefunguliwa, mradi ubao mama si wa familia ya A. Zipo zisizofuata desturi hiyo: Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ilifungwa kizidishi kwa sababu tabaka la kashe (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) lililobandikwa juu ya kori lilizuia joto kutoka na halikustahimili volteji kubwa, ilhali 9800X3D ya 2024, ambayo kashe yake imehamishiwa chini ya kori, imeachwa wazi.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Umeme unaotumiwa na transista zinapofanya kazi hukua sambamba na kasi, lakini hukua kwa mraba wa volteji. Ukipandisha kasi kwa asilimia 5 peke yake, umeme unaongezeka kwa takribani asilimia 5. Ukipandisha kasi kwa asilimia 5 na, ili itulie, ukaongeza volteji kwa asilimia 10, umeme unapanda kwa takribani asilimia 27, na hapo hatujahesabu umeme unaovuja, ambao nao huongezeka kadiri silikoni inavyopata joto. Ndiyo maana gigahezi za mwisho huwa ghali kuliko zote zilizotangulia, na ndiyo maana waliovuka 9 GHz katika mashindano walimwaga heliamu ya kimiminika juu ya prosesa. Hiyo ni michezo mizuri ya kutazama, lakini haihusiani na mashine ya kufanyia kazi.

Kabla ya kugusa chochote, pima mashine yako ilivyo. Iendeshe kwa mzigo mzito nusu saa katika mipangilio ya kiwandani, na uandike joto la juu kabisa, volteji chini ya mzigo, wati zinazotumika na alama za kipimo kimoja utakachokitumia hadi mwisho. Ikiwa tayari unakaribia kikomo cha joto kabla ya kuanza, huna nafasi ya kuovakloki. Una kazi ya kubadilisha kipozaji, au kukifunga upya na grisi mpya. Kisha hamishia nakala ya data zako zote muhimu mahali pengine palipotenganishwa na mashine hiyo. Sisemi hivyo kwa kujihami. Sababu nitaieleza mbele.

#2 Mwanzisha uzi

Naendelea na utaratibu wenyewe, ili maswali yakija tuwe tunazungumzia jambo moja.

Sasisha kwanza BIOS, yaani programu ya ubao mama ambamo mipangilio hii huwekwa. Halafu tazama kama ubao mama wako haujakuovaklokia bila kukuuliza, kwa sababu bodi nyingi huja zikiwa zimeondoa ukomo wa wati au zimelazimisha kori zote ziende kwa kasi iliyokusudiwa kori moja au mbili. Weka ukomo huo katika viwango vya mtengenezaji wa prosesa, ndipo utajua unaanzia wapi.

Pandisha kizidishi hatua moja, yaani 100 MHz, kwa kori zote, bila kuongeza volteji. Ingia kwenye mfumo, fanya jaribio fupi la dakika kumi, tazama joto, rudi BIOS, ongeza hatua nyingine. Endelea hivyo mpaka mashine iyumbe. Hapo ndipo unapoongeza volteji, kwa vipande vidogo vya milivolti 10, si kwa kuruka kutoka 1.20 hadi 1.35 kwa sababu mtu fulani aliandika hivyo. Silikoni hazifanani, prosesa mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kuhitaji volteji tofauti kabisa kwa kasi ileile, na namba ya mwenzako haikuambii chochote kuhusu ya kwako.

Utafika mahali ambapo kila hatua ya 100 MHz inadai volteji kubwa kuliko ile iliyotangulia. Mathalani, hatua tatu za kwanza zilihitaji milivolti 20 kila moja, na ya nne ikataka 70. Hapo ndipo pa kusimama. Wengine husimama baada ya mashine kukataa kabisa, mimi naona huko ni kuchelewa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike kila unachobadilisha. Anayegusa kizidishi, volteji na RAM kwa mpigo mmoja, kisha mashine ikagoma, hana njia ya kujua ni kipi kilichogoma.

#3 Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ahsante kwa somo. Naomba kuuliza moja kwa moja: volteji ya mwisho iliyo salama ni ipi? Nimesoma mahali pengi wanataja 1.4, wengine 1.35, wengine wanasema hata 1.5 haina neno kwa sababu prosesa yenyewe hujipa 1.45 inapokuwa imetulia bila kazi.

#4 Mwanzisha uzi

Hilo la mwisho ndilo mtego, ndugu yangu, na nashukuru umelileta. Ni kweli kwamba prosesa ya kisasa hujipa zaidi ya 1.4 V kwa muda mfupi, lakini hufanya hivyo wakati kori moja au mbili zinakimbia na ampea zinazopita ni chache. Volteji ileile ikiwekwa kwa kori zote, chini ya mzigo unaovuta zaidi ya ampea mia moja, ni jambo jingine kabisa. Kinachochosha silikoni ni volteji, mkondo na joto vikishirikiana, si namba ya volteji ikiwa peke yake.

Mchakato mmoja unaofahamika vizuri ni kuhama kwa atomi za metali ndani ya nyaya ndogo za chipu, zikisukumwa na msongamano wa elektroni. Mwaka 1969 James Black alitoa kanuni ya makadirio ya muda wa kuishi wa nyaya hizo, na inaonyesha mambo mawili: muda hupungua kwa mraba wa msongamano wa mkondo, na hupungua kwa kasi ya kipeo kadiri joto linavyopanda. Ndiyo kusema prosesa inayofanya kazi kwa nyuzi 70 za Selsiasi na ile inayofanya kazi kwa nyuzi 95, hata zikiwa na volteji moja, hazizeeki sawa.

Mifano halisi ipo. Katika miaka ya 2002 na 2003 walioovakloki Pentium 4 za kizazi cha Northwood kwa volteji ya 1.7 na zaidi waliziona zikifa ghafla baada ya miezi michache tu. Aprili 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua pamoja na soketi zake, na AMD ikaelekeza bodi zote ziweke ukomo wa 1.30 V kwa volteji ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM), ambayo bodi zilikuwa zikiipandisha zenyewe pale mtumiaji alipowasha EXPO, mpangilio wa AMD wa kuongeza kasi ya RAM. Na wengi mnakumbuka Core za kizazi cha 13 na cha 14: mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba volteji iliyozidi, ikiombwa na prosesa yenyewe, ilikuwa inazeesha saketi ya saa ndani ya kori, hata volteji ya chini kabisa inayohitajika ili itulie ikawa inapanda. Maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa) 0x129 ya Agosti 2024 ilizuia maombi yanayozidi 1.55 V, ikafuatiwa na 0x12B mwezi Septemba, na dhamana ikaongezwa miaka miwili.

Zingatieni: prosesa zile nyingi hazikuwa zimeovaklokiwa na mtu. Zilichakaa katika mipangilio iliyotoka nayo dukani. Kwa hiyo nikiulizwa volteji salama, hujibu kwamba kwa mzigo wa kori zote nabaki karibu na volteji ambayo prosesa hiyohiyo hujipa kwa mzigo wa kori zote katika mipangilio ya kiwandani, na nikiona kwamba nahitaji kuizidi kwa zaidi ya milivolti 50 hivi, naacha. Huo ni uamuzi wangu wa tahadhari, si sheria ya fizikia.

Kuhusu joto, kikomo cha Intel nyingi za mezani ni nyuzi 100, na Ryzen nyingi za 7000 ni 95. Prosesa ikifika hapo hujipunguzia kasi. Mimi sipendi mzigo wa kawaida wa kila siku uvuke 85, ili siku ambayo chumba ni cha moto au feni imejaa vumbi pawe na nafasi.

#5 Mchangiaji wa pili

Naomba kuongezea na kuuliza. Mashine yangu nimeiwekea 1.30 V kwenye BIOS, lakini HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, chini ya mzigo inaonyesha 1.18. Fundi mmoja aliniambia niweke LLC (mpangilio wa BIOS unaozuia volteji kushuka chini ya mzigo) kwenye kiwango cha juu kabisa ili volteji isishuke. Nimefanya hivyo na kweli haishuki tena. Je, kuna ubaya?

#6 Mwanzisha uzi

Upo, na ni wa aina isiyoonekana kwenye programu hiyo. Volteji kushuka chini ya mzigo si hitilafu, imekusudiwa. Chukua mfano wa ukinzani wa miliomu 1.1 kati ya saketi ya umeme na prosesa: ampea 150 zikipita, volteji inashuka kwa 0.165. Wasanifu waliuacha mteremko huo makusudi. Mzigo unapokatika ghafla, ampea hizo 150 zinatoweka katika muda mfupi sana, na saketi ya umeme haiwezi kujirekebisha papo hapo, kwa hiyo volteji inaruka juu kabla ya kutulia. Kama ilikuwa imeteremka, mruko huo unaishia karibu na kiwango ulichoweka. Kama uliibana isiteremke kabisa, mruko unaanzia 1.30 na kwenda juu zaidi, na programu inayosoma mara moja kila sekunde haitauona kamwe. Huonekana kwa osiloskopu.

Mzigo ukianza ghafla huwa kinyume chake: volteji inazama chini ya pale inapotulia, na mzamo huo ndio mara nyingi huangusha mashine. LLC kali mno hufanya mawimbi ya kushuka na kupanda yawe makubwa, kwa hiyo unaweza kuwa na wastani mzuri wa volteji na bado mashine ikaanguka. Rudi kiwango cha kati, kubali iteremke, na kama haitoshi pandisha kidogo volteji ya kuanzia. Na bodi hazifanani katika kuhesabu: kwa nyingine kiwango cha 1 ndicho kikali kuliko vyote, kwa nyingine ndicho laini. Wengi hujikwaa hapo. Soma mchoro ulio pembeni ya kipengele hicho, au kijitabu cha bodi, kabla ya kuchagua.

#7 Mchangiaji wa tatu

Wakuu, naomba niwe mkweli hata kama nitaonekana mvuruga shughuli. Mwaka 1998 Celeron 300A ilitoka ikiwa ya 300 MHz, na kwa kubadilisha saa ya msingi kutoka 66 hadi 100 MHz, kizidishi chake cha 4.5 kikaipeleka 450. Hiyo ni nusu nzima ya ziada, na ilikuwa na maana. Leo prosesa hujisukuma yenyewe hadi ukingoni tangu siku ya kwanza. Unasumbuka majuma mawili kupata asilimia 4, kisha unacheza gemu katika mwonekano wa 4K ambako kadi ya picha ndiyo inayokwamisha. Faida iko wapi?

#8 Mwanzisha uzi

Sikupingi kwa sehemu kubwa. Kwa anayecheza gemu katika mwonekano mkubwa, kuovakloki prosesa hakubadilishi kitu atakachokiona kwa macho. Anayetengeneza video, anayekusanya programu kubwa kutoka msimbo, au anayecheza gemu za ushindani kwa fremu zaidi ya 200 kwa sekunde, huyo ataona kitu, ingawa si kikubwa.

Ila umenipa nafasi ya kusema jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza. Siku hizi ujuzi uleule hutumika zaidi upande wa pili, kupunguza volteji kwa kasi ileile. Mtengenezaji huweka akiba ya volteji inayotosha hata silikoni dhaifu kuliko zote alizouza. Kama yako si dhaifu, akiba hiyo inageuka joto bure. Ukiipunguza, prosesa inapata nafasi ndani ya ukomo wake wa wati na joto, na kanuni zake zenyewe za kujiongezea kasi zinaipandisha. Kwenye Ryzen kazi hiyo hufanywa kwa Curve Optimizer iliyo ndani ya Precision Boost Overdrive, ambapo kila hatua moja hasi huondoa takribani milivolti 3 hadi 5 kwenye mstari mzima wa volteji wa kori husika. Kwenye Intel huwekwa volteji inayojirekebisha pamoja na punguzo, kwa bodi zinazoruhusu.

Matokeo ni mashine inayokwenda kasi zaidi ikiwa na joto dogo zaidi. Kwangu mimi huko ndiko kuovakloki kulikobaki na maana, ingawa wazee wa Celeron hawatalikubali jina hilo.

#9 Mchangiaji wa nne

Mkuu umenigusa. Mimi niliweka -30 kwa kori zote kwenye Curve Optimizer. Nimeendesha programu za kuitwisha prosesa mzigo, Cinebench nusu saa na Prime95 saa mbili, vyote vimepita bila kosa hata moja. Lakini kompyuta inajiwasha upya usiku, wakati haifanyi kazi yoyote! Nimebadilisha hadi pawa saplai. Nini tatizo?

#10 Mwanzisha uzi

Pawa saplai yako ya zamani huenda haikuwa na kosa, pole sana. Ulijaribu mahali ambapo tatizo halipo. Cinebench na Prime95 kwa kori zote huivuta kasi chini, labda hadi 4.6 GHz, ambako prosesa ina volteji ya kutosha hata baada ya kupunguziwa. Mashine inapokuwa haina kazi, mara moja moja kazi ndogo ya mfumo huamka, kori moja ikaruka hadi kasi yake ya juu kabisa kwa sekunde chache, kisha ikalala tena. Hapo juu ndipo mstari wa volteji ulipobana, na hapo hukupajaribu kabisa.

Jaribu kori moja moja. CoreCycler hufanya hivyo: huendesha Prime95 kwa uzi mmoja juu ya kori ya kwanza, kisha inahamia ya pili, na kuendelea, na inakuambia ni kori ipi iliyokosea. Acha izunguke usiku mzima. Mara nyingi utakuta kori ambazo prosesa imeziweka alama kuwa bora ndizo zisizostahimili punguzo kubwa, kwa sababu zimekwisha kubanwa kiwandani ziende kasi kuliko wenzake. Pengine mbili hizo zitataka -8 au -10, na nyingine zote zikaridhika na -25. Hakuna sababu ya kuziadhibu zote kwa namba moja.

Na kabla ya kununua kifaa kingine, fungua kumbukumbu ya matukio ya Windows utafute maandishi ya WHEA-Logger, yaani ripoti za makosa ya vifaa. Tukio namba 18 huja baada ya kujiwasha upya, na mara nyingi hutaja namba ya kitambulisho cha kori iliyosababisha. Namba 19 ni kosa lililosahihishwa kimyakimya. Mashine inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Watumiaji wa Linux watayakuta makosa ya jamii hiyo kwenye kumbukumbu za kerneli. Kwangu mimi WHEA moja katika juma inatosha kuitwa kushindwa. Wapo wanaosema kosa lililosahihishwa si kosa, na sikubaliani nao.

#11 Mchangiaji wa kwanza

Basi tuambie mkuu: jaribio gani linatosha, na kwa muda gani? Kila mtu ana lake. Mmoja anasema saa moja ya Prime95, mwingine anasema saa 24, mwingine anasema Prime95 si halisia na inachosha prosesa bure.

#12 Mwanzisha uzi

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, na ndipo inapoingia ile habari ya nakala za data.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mashine niliyoiamini. Ilikuwa imepita saa moja ya jaribio zito, ilicheza kila gemu, haikuwahi kuonyesha skrini ya bluu hata mara moja. Niliitumia kubana kabrasha la picha za familia za miaka mingi, nikafuta zile za awali ili kupata nafasi. Miezi mitatu baadaye nilipofungua kabrasha, programu iliniambia kwamba alama ya uhakiki hailingani. Baadhi ya picha zilifunguka nusu, nusu nyingine kijivu. Diski ilikuwa nzima, niliikagua. Nilirudisha kasi ya kiwandani, nikabana mafaili mengine mara nyingi, kosa halikujirudia. Nikarudisha mipangilio yangu ya ovakloki, na katika usiku wa pili kosa likatokea tena. Prosesa haikuwahi kuanguka. Ilikuwa inakosea tu, mara chache, bila kumwambia mtu.

Tangu hapo nimeacha kuuliza kama mashine imeanguka. Nauliza kama imetoa jibu sahihi. Ndiyo maana napendelea majaribio yanayolijua jibu kabla ya kuanza. Prime95, iliyotokana na mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne ulioanza 1996, ina majaribio ambayo matokeo yake sahihi yanajulikana, na wakati wa hesabu hukagua pia kosa la kukadiria, likivuka 0.4 inasimamisha uzi huo na kuandika. Programu za y-cruncher na OCCT nazo hukagua majibu. Cinebench haikagui kitu. Ni kipimo kizuri cha kasi na cha joto, lakini kuiita jaribio la uthabiti ni kuitwisha kazi isiyo yake.

Kuhusu muda, ufikirie hivi: kama mashine hukosea kwa wastani mara moja katika saa nne, jaribio la saa moja litapita mara nyingi kuliko litakavyoshindwa, na utaondoka ukifurahi. Mimi hutumia dakika kumi kwa kila hatua wakati wa kutafuta, na nikishapata pa kusimama, usiku mmoja wa Prime95 yenye maagizo ya AVX (yanayofanya hesabu nyingi kwa mpigo mmoja), usiku mmoja wa CoreCycler, na saa chache za y-cruncher. Hoja kwamba Prime95 si halisia ina ukweli upande wa joto: kwa prosesa zenye kori nyingi, ile FFT ndogo (FFT ni aina ya hesabu ya Prime95, na ukubwa wake huchaguliwa) yenye AVX huvuta wati ambazo kazi ya kawaida haivuti, na kuiacha siku nzima kwa nyuzi 98 ni ukatili usio na faida. Weka ukomo wa wati, au tumia FFT kubwa zaidi. Lakini usiache AVX kabisa, kwa sababu programu za kuhariri video na hata baadhi ya gemu huyatumia maagizo hayo.

Yapo majaribio mengine yasiyo na programu. Izime mashine usiku kucha, iwashe asubuhi ikiwa baridi. Ilaze, iamshe, mara kumi. Mashine zinazopita kila kitu zikiwa moto nimeziona zikishindwa kuwaka zikiwa baridi.

Ukishapita yote hayo, rudi nyuma hatua moja. Punguza 100 MHz, au ongeza milivolti 15 hadi 20 kama joto linaruhusu. Silikoni huzeeka hata ukiitunza, na mpangilio uliopita leo kwenye ukingo huenda usipite baada ya mwaka.

#13 Mchangiaji wa pili

Nimeshusha LLC kama ulivyosema na joto limeshuka nyuzi 6. Ila bado naona kitu cha ajabu. Nikiweka 5.4 GHz, HWiNFO inaonyesha 5.4 muda wote, lakini alama za Cinebench ni ndogo kuliko za 5.3. Imewezekanaje?

#14 Mwanzisha uzi

Tazama safu ya kasi halisi, si ile ya kasi iliyoombwa. HWiNFO huonyesha zote mbili. Prosesa nyingi za sasa zikihisi volteji imezama mno hurefusha mipigo ya saa badala ya kuanguka, na kasi iliyoombwa hubaki imeandikwa 5400 huku kazi inayofanyika ikilingana na 5200. Ukiwa umejiwekea kipimo cha mwanzo, kama nilivyoomba kwenye bandiko la kwanza, unaligundua jambo hili katika dakika tano. Kila hatua ya kasi ilete alama zinazoongezeka kwa uwiano wake. Isipoleta, ama volteji haitoshi, ama umegonga ukomo wa wati au joto.

#15 Mchangiaji wa nne

Na XMP je, ule mpangilio wa BIOS wa kuiongezea RAM kasi? Nimeambiwa hiyo si ovakloki kwa sababu imeandikwa kwenye boksi la RAM.

#16 Mwanzisha uzi

Ni ovakloki. Kilichoandikwa kwenye boksi ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM kuhusu vijiti vyake, lakini kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yako, na yeye hakukijaribu hicho. DDR4 kwa kawaida ya kiwango ni 1.2 V, na vijiti vingi vya XMP huomba 1.35. Kwa hiyo unapotafuta kasi ya prosesa, zima XMP au EXPO kabisa. Maliza prosesa, kisha iwashe, kisha jaribu RAM peke yake kwa MemTest86 na TestMem5. Kosa la RAM na kosa la kori hufanana sana kwa sura, na ukiyachanganya utapoteza mwezi. Wenye DDR5 wasidanganyike na usahihishaji wa makosa uliomo ndani ya chipu zake. Huo hulinda kilichohifadhiwa ndani ya chipu, haulindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa.

#17 Mchangiaji wa nne

Mrejesho wakuu. CoreCycler ilizunguka usiku mbili. Kori ya 2 ilikosea ndani ya dakika nne kwa -30, ya 5 ikakosea kwa -22, nyingine hazikukosea. Sasa nina -9 kwa ya 2, -15 kwa ya 5, na -25 kwa zilizobaki. Siku kumi na moja hakuna kujiwasha upya na hakuna WHEA. Joto la mzigo wote limetoka 89 hadi 81, na alama zimepanda kidogo kuliko za kiwandani. Nimehifadhi mipangilio hii kama profaili kwenye BIOS. Kuna lolote nimesahau?

#18 Mwanzisha uzi

Hongera, na hizo -15 za kori ya 5 zitazame kwa majuma kadhaa zaidi, kwa sababu bado sijaziamini sana. Kuhusu profaili, ziko ndani ya chipu ileile ya BIOS, na kwa bodi nyingi hufutika unaposasisha; na hata zisipofutika, profaili ya toleo la zamani ikipakiwa kwenye toleo jipya inaweza kuweka namba mahali pasipo pake. Piga picha kila ukurasa uliougusa kwa simu, na baada ya kila sasisho uziandike upya kwa mkono kisha urudie CoreCycler usiku mmoja, kwa kuwa maikrokodi mpya inaweza kubadilisha namna prosesa inavyoomba volteji.